Mwendo wa Motokaa Karibu na Shule

Wanafunzi wenzangu, wengi hudhani kwamba motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa na iendayo kilomita 30 hazipishani sana kwa hatari. Hebu tufanye hesabu.

Ya kwanza hupita karibu mita 14 kila sekunde. Ya pili mita 8 na kidogo. Dereva amwonapo mtoto barabarani, sekunde moja hivi hupita kabla hajakanyaga breki. Baada ya hapo, ikiwa lami ni kavu na breki ni nzima, ya kwanza huhitaji mita 14 zaidi ili isimame, ya pili mita 5 tu. Sababu ni kuwa nguvu ya mwendo hukua kwa mraba: 50 mara 50 ni 2,500, bali 30 mara 30 ni 900.

Basi tuseme mtoto amefuata mpira mita 14 mbele. Motokaa ya kilomita 30 itasimama kabla ya kumfikia. Ile ya 50 itamgonga karibu kwa mwendo wake wote, maana breki ndiyo kwanza inakanyagwa.

Madereva hulalamika kwamba watachelewa. Katika njia ya mita 500, motokaa ya kilomita 50 hutumia sekunde 36. Ya 30, sekunde 60. Hasara ni sekunde 24.

Mji wa Graz, nchini Austria, uliweka kilomita 30 katika njia zake za makazi mwaka 1992. Kwa maoni yangu, kila njia ipitayo mlangoni pa shule yastahili sheria hiyo, kwani sekunde 24 hulipika, mtoto halipiki.