Alama za Barabarani Hazijisemei Zenyewe

Mturkana akimkuta ngamia aliyepotea kati ya Lodwar na Kakuma, huitazama chapa ya moto iliyo mwilini mwake, akatambua ukoo wa mwenyewe. Kwa Kiturkana neno emachar ni ukoo, tena ni chapa yenyewe. Hata huko Namoratunga, karibu na Lokori, mawe ya makaburi ya kale yamechongwa alama za namna hiyo.

Lakini mtu wa pwani aionapo chapa ile huona kovu tu. Ndivyo ilivyo pembetatu yenye ukingo mwekundu kwa mtu asiyefundishwa: ni bati lililopakwa rangi. Kwamba maana yake ni "Jihadhari" ni mapatano ya watu, nayo mataifa mengi yaliyathibitisha Vienna mwaka 1968. Kibao cha kusimama ndicho chenye akili zaidi, maana kina pembe nane, nacho hutambulika hata kikijaa vumbi.

Walakini jambo la hatari kupita yote halina kibao. Tangu kambi ya wakimbizi ya Kakuma ifunguliwe mwaka 1992, wamefika humo watu wa Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia na Kongo, ambako magari hushika upande wa kulia. Kenya hushika kushoto. Mama aliyetoka Juba, avukapo barabara, hutazama kushoto kwanza kwa mazoea, kumbe lori laja kutoka kulia. Wazazi na walimu, wafundisheni watoto kutazama kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, ndipo wavuke.