Mgonjwa wa ICU akiweweseka, tusikimbilie kusema ni jini

Wakazi wa Himo, Marangu na Kilema wanaijua safari ya kumpeleka mgonjwa mahututi KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971. Mgonjwa huingizwa chumba cha wagonjwa mahututi, yaani ICU, akiwa na homa kali ya mapafu, au ameumia katika ajali ya barabarani, au sukari imempanda. Siku ya pili au ya tatu jamaa wanaruhusiwa kumwona, mmoja mmoja. Wanamkuta mzee ambaye maisha yake yote hakumtukana mtu, anatukana. Anamwita mkewe kwa jina la marehemu mama yake, anang'oa mipira, anasema anaona ng'ombe darini. Nje ya mlango neno la kwanza ni "amechezewa", na kabla ya Isha watu wawili wameshatumwa kumtafuta wa kumsomea.

Hatukanushi kuwepo kwa majini, Qur'an imewataja, na kumsomea mgonjwa ni jambo lenye asili katika Sunna. Tunachosema ni kwamba hali hii inajulikana hospitalini, ina sababu zake mwilini na inapimwa. Madaktari huiita diliriamu. Kwa Kiswahili chetu ni kuweweseka. Ni akili kuvurugika ghafla, kwa saa au siku chache, kwa sababu mwili unaumwa: vijidudu vimeingia kwenye damu, hewa ya oksijeni imepungua, sukari imeshuka, chumvi ya damu imeharibika, mkojo umeziba, dawa za usingizi zimemzidi, au hajalala usiku tatu. Si wazimu, wala si usahaulifu wa uzeeni ambao huja taratibu kwa miaka.

Na si jambo la nchi za mbali. Watafiti waliowapima wazee wa miaka 60 na kuendelea waliolazwa KCMC walikuta karibu mmoja kati ya watano ana hali hii, na hizo zilikuwa wodi za kawaida, si ICU.

Wengi wetu tunamwona anayepiga kelele. Yupo mwingine ambaye amenyamaza tu, anatazama ukuta, hajibu, na jamaa wanasema alhamdulillah leo ametulia. Huyu naye huenda anaweweseka kimyakimya, na ndiye hupitwa mara nyingi, kwa kuwa hamsumbui mtu. Ndiyo maana kipimo kinahitajika.

Kinachotumika sana kinaitwa CAM-ICU. Asili yake ni kipimo cha wodini kilichotungwa Marekani na Dk. Sharon Inouye na wenzake mwaka 1990. Mwaka 2001 Dk. Wesley Ely na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt walikirekebisha kwa wagonjwa wasioweza kusema kwa sababu ya mpira wa kupumulia. Muuguzi huanza kuangalia mgonjwa yuko macho kiasi gani, kwa ngazi ya kutoka +4, anayepigana na watu, hadi -5, asiyeshtuka hata akiguswa. Sifuri ni mtu aliye macho na mtulivu. Aliye -4 au -5 hapimwi, husubiriwa. Kisha huulizwa: akili yake imebadilika ghafla kuliko alivyokuwa nyumbani, au imekuwa ikipanda na kushuka? Halafu humshika mkono, akamwambia abinye kila asikiapo herufi A, akamsomea herufi kumi polepole. Akikosea zaidi ya mara mbili, umakini umepotea. Mwisho ni maswali mepesi ya ndiyo au hapana, kama vile jiwe kuelea juu ya maji, na kuonyesha vidole viwili. Mwenye mabadiliko ya ghafla na umakini uliopotea, na juu yake ama hayuko kwenye sifuri ama majibu yake yamevurugika, huyo anaweweseka. Kazi yote ni dakika mbili hivi, na hurudiwa kila zamu, maana aliyejibu vizuri asubuhi anaweza kuwa amepotea jioni.

Sasa chukua bibi wa Ugweno ambaye hakusoma shule na Kiswahili anakisema kwa shida. Akishindwa kubinya kwenye A, ni akili iliyopotea au ni herufi asizozijua? Hapo jamaa anakuwa sehemu ya kipimo. Usimwambie muuguzi "amechanganyikiwa" ukanyamaza. Sema: wiki iliyopita alihesabu mwenyewe fedha za duka, jana mchana alinitambua, usiku hakunitambua. Taja dawa zote alizokuwa akitumia, za duka na za miti shamba. Taja na pombe, hata kama ni aibu. Mtu aliyekuwa akinywa mbege kila siku kwa siri, akikatishwa ghafla huweweseka vibaya na anaweza kufa. Aibu ya ndugu yako isitiri kwa watu, usiifiche kwa daktari.

Ukiruhusiwa kuingia, nawa mikono kwanza. Mpelekee miwani yake na kifaa cha kusikia kama anacho. Mwambie jina lako, siku, mahali alipo, na kwamba Adhuhuri imeingia. Msomee kwa sauti ya chini mchana, usiku mwache alale. Kuweka redio ya kisomo sikioni usiku kucha si kumsaidia. Na kombe au Zamzam usimnyweshe bila idhini ya muuguzi, kwani maji yakipotea njia huingia mapafuni.

Kuna jambo zito zaidi. Mgonjwa wa namna hii anaweza kumtamkia mkewe talaka, au kumgawia kihamba mtoto mmoja mbele ya mashahidi. Asiye na akili wakati wa kutamka, talaka yake haipiti wala wasia wake. Lakini kwa kuwa akili huja na kuondoka, ugomvi utakuwa: saa ile alikuwa nayo? Kabla watu hawajagawana maneno, muulizeni daktari kipimo cha siku ile kilisemaje, kisha mpelekeeni kadhi.

Swala nazo ni hivyo hivyo. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata, aliyepotewa na akili kwa maradhi muda wote wa swala hadaiwi swala hiyo. Hanbali wanasema aliyezimia azilipe. Basi anayemhudumia mgonjwa awe na daftari: tarehe, saa, alikuwa na akili zake au amepotea. Sheikh atakayeulizwa baadaye ataanzia hapo, kwani mgonjwa mwenyewe huenda asikumbuke hata siku moja.