Mche Usio na Jina: Kuutambua Mmea wa Majani Manene Ulioota kwa Mbegu

Mbegu ulipewa bila jina, au kwa jina ambalo sasa hulisadiki, na zimeota. Kabla hujamtumia mtu picha, fahamu kwamba mche mchanga haufanani na mama yake. Majani ya mshubiri mkubwa kwa kawaida huzunguka shina pande zote. Ya mche wake hujipanga safu mbili, kulia na kushoto, na mara nyingi huwa na madoa meupe ambayo aina nyingine huyapoteza zikikomaa. Wengi wakiuona mche huo hudhani ni gasteria ya Afrika Kusini.

Anza na majani ya mbegu, yale yanayochomoza kabla ya mengine yote. Likitoka moja, uko upande wa mishubiri, mikonge na jamaa zao. Yakitoka mawili yanayotazamana, huenda ni yuforbia (ukoo wa mnyaa), adeniamu au dungusi kakati. Yaangalie mapema na uandike ulichoona, kwa sababu hunyauka na ushahidi ukapotea.

Kisha utomvu. Vaa glavu, dunga ukingo wa jani au shina kwa pini. Yakitoka maziwa meupe, elekea kwenye yuforbia. Hapa ndipo watu hukosea zaidi: yuforbia zetu zenye miiba huitwa dungusi kakati kila siku, ilhali dungusi kakati karibu zote asili yake ni Amerika. Tazama mwiba unakotokea. Wa dungusi kakati huchipuka kwenye kijidoa chenye manyoya. Wa yuforbia mara nyingi huwa wawiliwawili, bila manyoya hayo. Maziwa ya yuforbia huunguza ngozi na yanaweza kudhuru macho vibaya. Yakiingia jichoni usifikiche. Osha kwa maji safi mengi, nenda hospitali. Adeniamu nayo hutuna kwenye kitako ingali ndogo. Utomvu wake ulitumiwa kutengeneza sumu ya mishale, basi usiiache karibu na watoto. Na mche wowote usioujua usionjwe wala kuchemshwa dawa, hata kama jirani anaapa kuwa ni shubiri.

Swali linalosahaulika ni baba. Mishubiri mingi haishiki mbegu kwa chavua yake yenyewe. Ndege aitwaye chozi hubeba chavua kutoka ua hadi ua. Ukichuma mbegu katika bustani yenye mishubiri ya aina kadhaa, huenda ulichootesha ni chotara, na jina lililoandikwa kwenye pakiti ni la mama peke yake. Jina kamili la chotara hutalipata kitabuni hata utafute vipi. Kwa hiyo muulize aliyekupa mbegu: zilichumwa wapi, na jirani yake kulikuwa na nini?

Jibu la uhakika kwa kawaida huja na ua, na mshubiri wa mbegu unaweza kuchukua miaka 3 au zaidi kuchanua. Aloe secundiflora, unaoota mwituni Kenya na Tanzania, hugeuza maua yake upande mmoja wa kitawi. Aloe vera, uliotoka Rasi ya Arabu, maua yake ni ya njano. Andika rangi siku hiyo hiyo, kwani ua likikauka hubadilika. Ukihitaji mtaalamu, Hebaria ya Afrika Mashariki, hifadhi ya mimea iliyokaushwa, iko Nairobi. Ilianzia Amani, katika Tanzania ya sasa, mwaka 1902, ikahamia Nairobi mwaka 1950. Sampuli ya jani nene ipasuliwe kwa urefu kabla ya kubanwa kwenye magazeti, la sivyo itaoza badala ya kukauka.

Kwa anayetaka kuuza miche nje ya nchi, jina si pambo. Mishubiri yote, isipokuwa Aloe vera, imo katika orodha za CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975. Yuforbia za majimaji zimo pia. Fomu ya kibali hutaka jina la kisayansi, na "mshubiri" pekee halitoshi.