Somo: Sauti Kubwa na Feza ya Nyumba
Tusome Luka 14:28-30 na Amosi 5:23-24.

Tunaona ndugu wa Vuhovi wakiuza kahawa, kisha wanashuka Butembo na kurudi na bafle mbili kubwa. Kupenda muziki si zambi. Kanisa letu ni la fanfari na filimbi! Lakini mwenye kujenga mnara anakaa kwanza na kuhesabu. Bei ya dukani ni mwanzo tu: bafle inataka grupu ya umeme, grupu inataka esansi kila siku, na kahawa ina majira yake. Tarumbeta inaomba pumzi tu.

Mwaka 1921 watu waliacha mashamba ya Wazungu, wakaenda Nkamba kwa miguu kumsikia Baba Simon Kimbangu. Hapakuwa na mikro.

Basi wewe baba, mwulize kwanza mama aliyechuma kahawa ile pamoja nawe. Watoto wamelipiwa masomo? Na ahadi yako ya nsinsani, uliyoitamka mbele ya wote, umeitoa? Katika Amosi, Mungu anakataa nyimbo za watu wanaonyima wenzao haki; mama asiyeulizwa amenyimwa haki nyumbani mwake. Yeye akikubali, nunua, na saa ya kulala uwaachie jirani usingizi wao.