Chura Mdogo wa Taita: Jina Lina Kazi Gani?

Wengi wetu tukiona chura tunasema "ni chura tu," basi tunaendelea na safari. Lakini vyura si wa aina moja. Katika somo hili tuangalie chura mmoja wa milima yetu ya Taita, tujifunze jinsi viumbe wanavyopangwa na kupewa majina.

Ni chura gani?
Ni mdogo, unaweza kumfunika kwa kiganja. Ngozi yake ina vipele vingi. Harukaruki sana kama vyura wengine, hutembea polepole. Hatagi mayai majini bali ardhini, penye unyevu, na watoto hutoka kwenye yai wakiwa vyura kamili. Hakuna kiluwiluwi. Kwa hiyo anachohitaji si bwawa bali msitu wenye kivuli na majani yaliyooza.

Majina hupangwaje?
Kila kiumbe hupewa majina mawili. La kwanza ni la ukoo wake, yaani jenasi, na la pili ni la spishi yake. Jenasi ya chura wetu ni Callulina. Mwaka 1911 Mjerumani Nieden alieleza spishi ya kwanza, Callulina kreffti, kutoka Usambara, Tanzania. Kwa zaidi ya miaka 90 jenasi hiyo ilikuwa na jina hilo moja tu.

Mwaka 2004 wataalamu walitenga spishi ya pili, ya Usambara Magharibi. Waliiita Callulina kisiwamsitu. Jina ni Kiswahili chetu kabisa! Na ni kweli: msitu wa mlimani ni kama kisiwa. Chura huyu hawezi kuvuka nyika kavu kwenda mlima mwingine, kwa hiyo kila mlima huwa na wake.

Mwaka 2009 ikawa zamu ya Taita. Wataalamu, akiwemo Patrick Malonza wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walilinganisha umbo, mlio na chembe za urithi (DNA). Wakaona huyu ni spishi ya peke yake, wakamwita Callulina dawida. Dawida ni jina ambalo Wataita wenyewe huita milima yao. Mwaka uliofuata spishi nyingine sita zilielezwa kutoka milima ya Pare na Nguru huko Tanzania.

Faida yake ni nini?
Kama angehesabiwa ni yule yule wa Usambara, mtu angesema: "Akiisha Taita, wengine wapo Tanzania." Sasa tunajua hapana. Akiisha Taita, ameisha duniani. Naye amewekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, kwa maana misitu ya asili kama Ngangao na Mbololo imebaki vipande vipande kati ya mashamba.

Tufanye nini?
1. Tusikate miti ya asili iliyobaki.
2. Tuache magogo na majani yaliyoanguka msituni. Hayo ndiyo nyumba yake.
3. Kikundi kikipanda miti, kichague ya kienyeji, hasa kati ya vipande vya msitu.

Maswali ya kujadiliana
- Je, kwetu kuna mnyama au mmea tunaouita "wa kawaida tu" bila kumchunguza?
- Wazee wanamwitaje chura huyu?
- Msitu ulio karibu nasi ulifika wapi zamani, na sasa umebaki kiasi gani?