Ndege Wageni wa Majira ya Vuli: Maswali na Majibu

Mvua za vuli zinapoanza kunyesha kwetu, na huko Ulaya na Asia majani ya miti yakawa yamekwisha kupukutika, watazamaji wa ndege katika Kenya huingia katika majira yao ya neema. Majibu haya ni kwa wale wanaotamani kufuatana nao, lakini hawajui waanzie wapi.

Kwa nini miezi ya Oktoba hadi Desemba husifiwa kuliko mingine?

Kwa sababu ndiyo miezi ambayo ndege wenyeji na ndege wageni huonekana pamoja. Waliozaliwa kaskazini, ambako baridi huangamiza wadudu na kugandisha maji, huteremka kutafuta riziki: mbayuwayu, keremkerem, kozi wadogo watokao mashariki ya Asia, na makundi ya ndege wa ufukweni. Aghalabu hao wa ufukweni hufika wamekwisha kupoteza rangi za majira ya kuzaliana, wakabaki kijivu na hudhurungi, hata kitabu chenye picha nzuri kikamwacha msomaji katika shaka. Hapo ndipo thamani ya chama cha watazamaji wa ndege inapodhihirika, kwani mwenzio aliyezoea hukuonyesha mwendo wa ndege, umbo la mdomo wake na mlio wake, ukaelewa kwa asubuhi moja jambo ambalo peke yako lingekuchukua muda mrefu.

Je, asiyejua jina la ndege hata mmoja hupokewa?

Hupokewa kwa taadhima. Nature Kenya, ambayo asili yake ni jumuiya ya elimu ya viumbe iliyoasisiwa mwaka 1909, ina matembezi ya kila Jumatano asubuhi yaanziayo kwenye Makumbusho ya Taifa, Nairobi, na desturi hiyo imedumu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Darubini ni msaada mkubwa, ila subira, sauti ya chini na nguo zisizong'ara ni msaada mkubwa zaidi.

Matembezi yakiwapo, mihadhara ni ya nini?

Jicho humwona ndege alipotua, wala haliwezi kuona alikotoka. Yuko ndege mdogo wa rangi ya udongo, ambaye wataalamu humwita *Acrocephalus palustris*, apitaye kwetu akielekea kusini. Ukimwona kichakani hutamdhania kuwa na ajabu yoyote. Lakini Françoise Dowsett-Lemaire, katika utafiti alioutoa mwaka 1979, alionyesha kwamba dume mmoja huiga sauti za ndege wa aina 76 hivi kwa wastani, na zaidi ya nusu yao ni ndege wa Afrika. Hali kadhalika, huko Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969 ndege wasafirio usiku wamekuwa wakivutwa na taa za hoteli katika ukungu wa Novemba na Desemba, nao wataalamu na watu wa kujitolea huwanasa kwa nyavu nyembamba, wakawavisha mguuni pete yenye nambari, kisha wakawaachia salama. Na ndege wenye pete hizo wamepatikana hata Urusi na Saudi Arabia. Aliyesikia habari hizi mhadharani hutazama kichaka kilekile kwa nadhari mpya.

Mkazi wa pwani aende wapi?

Na aende Hori ya Mida, karibu na Watamu, afike maji yanapoanza kujaa. Maji yakipwa ndege hutawanyika mbali matopeni, na yakijaa huwasogeza karibu na mtazamaji. Amtafute hasa mla kaa mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambaye huko Uarabuni, Oman ikiwa miongoni mwa nchi zake, hutaga ndani ya shimo alichimbalo mchangani, na joto la mchanga likasaidia kuliatamia yai.

Yote haya yana faida gani kwa umma?

Yana faida kubwa, kwani nchi haiwezi kuhifadhi isichokijua. Ramani za ndege wa Kenya zilizochapishwa kitabuni na Lewis na Pomeroy mwaka 1989 zilitegemea kumbukumbu za watazamaji wengi wa kujitolea. Basi kila mwanachama na aandike tarehe, mahali, aina na idadi, na ndege ambaye hakumtambua kwa yakini amwandike kuwa hakutambulikana. Maana kumbukumbu yenye insafu, hata ikiwa fupi, ni amana kwa watakaotafiti baada yetu, na orodha ndefu iliyojazwa kwa kubahatisha itawapoteza.