Poti ya Kambo

*Shangazi, ninakaa Manika, hapa Kolwezi, ninauza vitenge sokoni. Mwanangu wa kwanza ana miezi minane. Mama mkwe amekuja kutusaidia, na tangu afike anamkalisha mtoto kwenye poti asubuhi na jioni. Mtoto akijikojolea baadaye, anamchapa makalio. Anasema watoto wake wote sita walikuwa wakavu kabla ya kutembea, na kwamba nepi za dukani zimenifanya mvivu. Kliniki nao waliniambia ningoje afike mwaka mmoja na nusu au miwili. Mume wangu anafanya zamu ya usiku mgodini. Nikimweleza anasema hayo ni mambo ya wanawake, anageukia ukutani analala. Nimfuate nani?*

*Mama wa mtoto mmoja, Manika*

Mwanangu,

Mama mkwe wako hakudanganyi. Mwaka 1977 watafiti wawili wa jina la deVries walichapisha habari za Wadigo wa pwani ya Kenya. Waliandika kwamba kule mama huanza kumzoesha mtoto akiwa wa wiki chache tu. Anakaa chini, ananyoosha miguu, anampakata mtoto katikati kwa kumpa mgongo, kisha anamtolea sauti ya "shuu" mpaka mkojo utoke. Ukitoka, mtoto ananyonyeshwa na kubembelezwa. Wengi hufika miezi mitano au sita wakiwa hawalowani ovyo.

Ila mama yule hushinda na mtoto mgongoni au mapajani kutwa. Kwa hakika, anayefundishwa kwanza ni yeye: anajua mtoto akikunja uso au akianza kujinyonganyonga, wakati umefika. Mtoto wa miezi minane hawezi bado kujibana mwenyewe. Kliniki walikuwa wanasema habari ya siku ile ambapo mtoto atajua mwenyewe, aseme, aende. Hiyo kwa kawaida huja kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu, na usiku huchelewa zaidi. Utaiona: anakaa saa mbili bila kulowa, anatembea vizuri, anavuta suruali yake, anajificha nyuma ya mlango kunya.

Sasa, wewe unashinda sokoni, na anayeshinda na mtoto ni kambo, yaani bibi yake. Basi mwachie poti yake. Amkalishe akiamka na akimaliza kula, dakika chache, amshike vizuri. Mtoto akilia au akijikaza, amwondoe. Usiku mvalishe nepi bila kuona aibu.

Kofi ndilo liishe, na liishe leo. Mtoto anapigwa kwa jambo ambalo mwili wake hauliwezi. Anachojifunza ni kuogopa poti, na mwenye woga huo huzuia choo mpaka kiwe kigumu, kimuumize. Wa kumwambia si wewe. Mama ni wa mumeo, na mtoto ni wake pia. Mngoje aamke, akishakula bukari yake, umwambie akaseme: "Mama, endelea na poti, lakini usimpige tena."

Mumeo ana kazi nyingine. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitoa matokeo ya mtaa wa Kasulo, huko huko Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti hadi ndani ya nyua zao. Mkojo wa watoto wa pale ulikuwa na kobalti nyingi kuliko wa watoto wa mtaa jirani usio na machimbo, na vumbi la nyumbani lilikuwa njia mojawapo. Mtoto wa kwenye poti anakuwa uchi, mikono inagusa chini kisha inaingia mdomoni. Kwa hiyo nguo za mgodini zivuliwe nje. Poti iwekwe juu ya mkeka unaofutwa kwa kitambaa chenye maji.

Na msidanganyike kwamba mavi ya mtoto hayana neno. Yamwagwe chooni, si mtaroni wala karibu na kisima, kisha kambo na mjukuu wanawe kwa sabuni. Kipindupindu hakiulizi umri.

Iko siku mwanao atakuvuta kitenge akuoneshe poti. Kambo atatangaza kwa majirani kwamba amemfundisha yeye. Usibishe.

Shangazi